Kopo Lina Cheti, Mpakaji Hana

Tarehe 22 Machi 1975, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, mafundi walikuwa wakiziba matundu ya nyaya ukutani. Chumba walichokuwamo kilikuwa chini ya chumba cha kuendeshea mitambo, na ng'ambo ya ukuta ule lilikuwa jengo lenye kinu chenyewe. Walitakiwa kuhakikisha hewa haipenyi kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kifaa chao cha kupimia kilikuwa mshumaa. Unauwasha, unausogeza karibu na tundu. Ulimi wa moto ukilala, ujue hewa inapita. Unachukua kipande cha sponji, unakibana ndani, unapima tena. Siku ile moto haukuishia kulala. Ulivutwa ndani ya tundu ukashika sponji, na sponji yenyewe ilikuwa ya poliurethani, kitu kinachoshika moto haraka. Moto uliwaka kwa takriban saa 7. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, na waendeshaji walihangaika kuvipoza vinu viwili huku sehemu ya mitambo ya dharura ikiwa haiitikii.

Kisa hiki husimuliwa sana na watu wa nyuklia. Mimi nakitazama kama kisa cha mafundi. Ukuta ule ulitakiwa uzuie moto, na moto ukaanzishwa na watu waliopewa kazi ya kuuziba. Hawakuwa wahuni. Mshumaa ulikuwa desturi ya pale kazini, na fundi yeyote anayefika mahali hufuata anachokikuta. Ndiyo maana somo la kwanza kwenye kazi hii lingepaswa kuwa swali ambalo fundi wa tofali wala wa vigae halimhusu sana: hiki nilichokishika mkononi kinaungua vipi, na kabla hakijakamilika kinaungua vipi?

Nusu karne imepita, na mabishano bado yapo juu ya nani aruhusiwe kupaka, kupuliza, kufunga na kuziba vitu vinavyolinda jengo dhidi ya moto, na nani amthibitishe. Msimamo wangu nautoa mapema. Cheti kiwe cha mtu anayeshika brashi, bomba au kisu, kwa kazi ile ile anayoifanya. Mfumo uliozoeleka umekwenda kinyume chake: kopo lina cheti, kampuni ina cheti, mkaguzi ana cheti, na mwenye mkono ameachwa na ndoo yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kazi hii methali inakwama. Bomba likifungwa vibaya, kesho yake sakafu imelowa na fundi anapigiwa simu. Taa ikiunganishwa vibaya haiwaki. Hata zege bovu huanza kupasuka, mtu akaona. Lakini tundu lililozibwa vibaya nyuma ya dari linakaa miaka 30 likiwa limetulia, sawa kabisa na jirani yake lililozibwa vizuri. Mwenye jengo hawezi kulijaribu kwa kulitumia, maana matumizi yake ni siku moja tu, na siku hiyo hakuna wa kupigiwa simu. Kazi ambayo soko haliwezi kutofautisha nzuri na mbaya, soko haliwezi kuisimamia. Ndipo hoja ya cheti inapoanzia, na naona ina nguvu zaidi hapa kuliko kwenye kazi nyingine yoyote ya ujenzi.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu mjadala wa vyeti huharibika unapobaki mezani.

Chukua rangi inayovimba, ile inayopakwa kwenye nguzo na boriti za chuma. Ikishakauka ni rangi tu, huwezi kuijua. Joto likifika kiasi cha nyuzi 200 na zaidi inaanza kuumuka kama andazi, inakuwa povu jeusi la kaboni lenye unene mara kadhaa hata mara 50 ya ule wa mwanzo, na povu hilo ndilo linalokizuia chuma kisipate moto haraka. Na chuma kinahitaji ulinzi huo. Kikifika nyuzi 600 kinabaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Tanuri la majaribio linalofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 834 hufika nyuzi 842 kwa dakika 30 na 945 kwa saa moja. Kwa hiyo kati ya jengo kusimama na jengo kuinama kuna utando wa rangi ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko sarafu.

Sasa mtazame mpakaji. Ana kitana kidogo cha bati chenye meno yenye urefu tofauti. Anakichomeka kwenye rangi ikiwa bado mbichi, anakiinua, anatazama jino la mwisho lililolowa: mikroni 1,000, yaani milimita moja. Mchoro unataka 1,000. Anaridhika, anahamia nguzo ya pili. Kosa lake ni nini? Mchoro unasema 1,000 ikishakauka. Kama sehemu isiyoruka hewani kwenye rangi hiyo ni asilimia 70, basi mikroni 1,000 mbichi zitabaki 700 kavu, na nguzo imepungukiwa karibu theluthi moja ya kinga yake. Hakuna jicho litakaloiona theluthi hiyo. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu, mtoto wa shule ya msingi anaiweza, lakini lazima mtu awe amekuambia kwamba kuna hesabu ya kufanya.

Kuna na mtego mwingine ambao unawanasa hata mafundi wa miaka mingi. Akili ya kawaida inasema nguzo nene ipakwe rangi nyingi, maana ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Ni kinyume. Chuma chembamba hupata joto haraka, kwa hiyo kinataka rangi nene. Chuma kinene kinachelewa kupata joto, kinaridhika na rangi pungufu. Kinachoamua ni uwiano kati ya uso unaopigwa na moto na wingi wa chuma kilicho ndani. Fundi asiyelijua hili atakuwa mkarimu kwa nguzo kubwa na bahili kwa vile viboriti vyembamba vya pembeni, na atafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Anaweza pia kuongeza maji au thina ili rangi ipite vizuri kwenye bomba. Anaweza kupaka asubuhi chuma kikiwa na umande, au kuacha rangi ya maji bila kifuniko cha juu mvua ikaja ikailowesha, wakati baadhi ya chumvi zinazoifanya ivimbe huyeyuka kwa maji. Ikikauka, itapendeza vilevile.

Plasta ya kupuliza ina adabu zake. Inakuja kwenye mifuko, inachanganywa na maji, inarushwa kwa bomba juu ya chuma mpaka ifike unene uliotakiwa. Maji yakizidi, uzito wake kwa ujazo unashuka. Chuma kikiwa na mafuta, vumbi au rangi isiyopatana nayo, plasta itashika leo na kudondoka mwakani. Kipimo cha kushika kwake ni rahisi na kinafurahisha kukitazama: kifuniko chenye ndoano kinagandishwa juu ya plasta kwa gundi, gundi ikikauka kinavutwa kwa mizani ya springi mpaka kitu kiachie, na nguvu iliyotumika inaandikwa. Baada ya minara ya World Trade Center kuanguka mwaka 2001, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilihitimisha katika ripoti yake ya 2005 kwamba minara ile huenda ingebaki imesimama kama kinga ya moto isingebanduliwa kwa wingi kwenye vyuma na kishindo cha ndege. Kanuni za ujenzi za nchi hiyo zikabadilika. Plasta ambayo kwenye jengo la kawaida inatakiwa ishike kwa takriban kilopaskali 7, kwenye jengo refu inatakiwa ifike kama 20, na juu ya mita 128 inatakiwa ikaribie 48. Ni mabadiliko mazuri. Ila namba hizo zinakwenda kwenye jedwali la mhandisi, na kinachozitimiza ni mtu anayefuta mafuta kwenye boriti kwa kitambaa saa moja asubuhi, kabla bomba halijawashwa.

Matundu ndiyo yanayoua kimyakimya zaidi. Tarehe 21 Novemba 1980, hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas iliungua chini, kwenye eneo la mgahawa na kasino. Walikufa watu 85, na wengi wao walikutwa ghorofa za juu ambako moto haukufika. Moshi ulipanda kwa ngazi, mashimo ya lifti, mifereji ya hewa na maungio ya jengo. Moto wa Grenfell Tower jijini London, Juni 14, 2017, uliua watu 72, na mkosaji mkuu alikuwa paneli za nje zenye kiini cha plastiki kinachowaka. Hilo lisifichwe nyuma ya mafundi. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba vizuizi vilivyotakiwa kukata njia ya moto ndani ya uwazi wa ukuta vilikuwa vimefungwa vibaya: vingine vimekatwa ovyo, vingine vimeacha mianya, vingine vimewekwa upande usio wao. Hapo huwezi kusema kiwanda kilikosea. Kizuizi kizuri kimegeuzwa na mkono usiojua upande upi ni upi.

Na tusiende mbali hivyo. Panda ngazi kwenye jengo lolote jipya, sukuma kipande cha dari, elekeza tochi pale nyaya zinapoingia ukutani. Mara nyingi utakuta povu la waridi. Rangi hiyo imegeuka kuwa dini. Watu wanaamini likiwa la waridi linazuia moto, basi. Wakati karatasi ya povu lenyewe mara nyingi inasema limejaribiwa kwenye mwanya mwembamba mnyoofu, wenye upana fulani na kina fulani, kati ya kuta mbili imara. Halikujaribiwa kwenye tundu lenye fungu la nyaya, wala penye paipu ya plastiki, ambayo kwenye moto inayeyuka na kuacha tundu wazi. Paipu hiyo inataka pete maalumu inayovimba na kuibana mpaka ijifunge. Povu halibani kitu. Fundi aliyepuliza povu lile hakudanganya mtu, yeye alinunua kopo lililoandikwa "la moto" na akalitumia penye tundu.

Hapo ndipo tatizo la karatasi linapojitokeza. Bidhaa huthibitishwa maabara. Inajengwa sampuli ya ukuta, inafungwa na watu wanaoijua bidhaa kuliko mtu yeyote, mara nyingi kwa muda wa kutosha na taa za kutosha, kisha inachomwa. Matokeo yake ni cheti kinachosema, kwa mpangilio huu hasa, kwa unene huu, kwa skrubu zilizoachana hivi, mfumo ulistahimili saa mbili. Cheti hicho ni cha kweli. Kinapotoka maabara, kinachosafiri ni karatasi na kopo; ule mpangilio unabaki nyuma. Msimamizi anaomba cheti cha bidhaa, anakipata, anakiweka kwenye faili, na kwenye faili kila kitu kimekamilika.

Karatasi ya pili ni ya kampuni. Marekani kuna mpango wa FM 4991 na ule wa UL kwa wakandarasi wa kuziba matundu: kampuni inakaguliwa jinsi inavyopanga kazi, inavyotunza kumbukumbu na inavyorekebisha makosa, na inatakiwa iwe na mtu aliyeteuliwa ambaye amefaulu mtihani. Uingereza kuna FIRAS na LPS 1531, ambazo pia huwatembelea wakandarasi kazini na kuchungulia sampuli za kazi zao. Naiheshimu mipango hii, na kampuni iliyo ndani yake naiamini kuliko iliyo nje. Lakini yule mwenye mtihani anaweza kuwa ofisini, wakati aliye juu ya jukwaa ni kibarua aliyeanza Jumatatu. Cheti cha kampuni kinamfunika kama mwavuli, na yeye mwenyewe hajui hata kama mwavuli upo.

Karatasi ya tatu ni ya mkaguzi. Kipimo cha Marekani kinachoitwa ASTM E2174 kinampa mkaguzi wa matundu njia mbili: ashuhudie angalau asilimia 10 ya kila aina yakizibwa, au apasue asilimia 2 ya yaliyokwisha kuzibwa aone ndani. Ni kipimo cha busara, kwa maana mkaguzi hawezi kulala kwenye jengo. Ila piga hesabu. Matundu 1,000 ya aina moja, ameona 100. Yale 900 yamezibwa wakati hayupo, na fundi yeyote anajua kufanya kazi kwa utaratibu mzuri saa mkaguzi anapokuwa amesimama nyuma yake. Ukaguzi wa sampuli unafanya kazi pale ambapo mikono ni ile ile na ujuzi ni ule ule. Ukiwa na mafundi watano waliofundishwa na wawili waliookotwa asubuhi, sampuli yako inaweza kuwakosa hao wawili kabisa.

Ndiyo maana nasema karatasi inayokosekana ni ya nne. Uingereza, baada ya ripoti ya mhandisi Judith Hackitt ya 2018 juu ya kanuni za majengo na usalama wa moto, na sheria ya usalama wa majengo ya 2022, imesogea upande huo. Tangu Oktoba 1, 2023, kanuni zinamtaka kila mtu anayefanya kazi ya ujenzi chini yake awe na ujuzi, maarifa, uzoefu na mwenendo unaofaa. Nimelipenda hilo la mwisho. Sheria imekiri kwamba mtu anaweza kujua kila kitu na bado akaziba kwa gazeti lililokunjwa halafu akalifunika kwa silikoni, kwa sababu ni saa kumi na moja jioni na gari la kuwarudisha linapiga honi. Sina hakika mwenendo unaweza kupimwa kwa mtihani, lakini kuuandika kwenye kanuni kumemnyima mwajiri kisingizio cha kusema alichohitaji ni mikono tu.

Mafunzo gani, basi? Hapa nina mzozo na desturi iliyoenea, ile ya kozi ya asubuhi moja inayotolewa bure na muuzaji wa bidhaa, pamoja na chai, na mwisho kila mtu anaondoka na kadi yenye nembo ya kiwanda. Kozi hizo zina faida. Hakuna anayeijua bidhaa kuliko aliyeitengeneza, na zipo ambazo zinafundishwa vizuri sana. Lakini muuzaji ana sababu ya kukufundisha bidhaa yake inafanya kazi wapi, na hana haraka ya kukufundisha wapi haifanyi. Povu la waridi limefika kila mahali kwa mlango huo. Anayeuza asisahihishe mtihani.

Mtihani wenyewe uwe wa mikono kwanza. Mpe mtu ukuta wenye matundu sita: paipu ya chuma, paipu ya plastiki, fungu la nyaya, trei ya nyaya, mfereji wa hewa, na tundu moja ambalo haliwezekani kuzibwa kwa vifaa alivyopewa. Hilo la sita ndilo la maana. Anayejua kazi ataweka kisu chini na kusema hapa nahitaji mchoro mwingine. Asiyejua ataliziba, tena vizuri machoni. Kisha pasua kazi yake mbele yake, pima kina cha pamba ya mwamba aliyojaza ndani na unene wa silikoni aliyofunikia juu. Na kama kuna tanuri dogo, choma vipande viwili, kimoja kilichofungwa sawasawa na kingine kilichopungukiwa skrubu. Mtu aliyewahi kuona bodi ya jipsamu ikianguka dakika nyingi kabla ya mwenzake kwa sababu ya skrubu zilizorukwa, hatazihesabu tena kama mapambo.

Lugha nayo ni jambo. Maelekezo kwenye kopo na michoro ya mifumo huandikwa kwa lugha ya aliyetengeneza, na mara nyingi siyo lugha anayoisoma mpakaji. Mtihani wa maandishi katika lugha hiyo unapima shule aliyosoma mtu, ilhali kazi inataka tujue kama anaweza kupaka. Muulizeni kwa lugha anayoota nayo, mwacheni aonyeshe kwa kitana na kwa kisu. Na cheti kitaje alichopimwa: aliyepimwa kwa plasta ya kupuliza hajapimwa kwa pete za paipu. Kiwe na mwisho pia, miaka michache, kwa sababu bidhaa hubadilika na mkono husahau.

Usisahau mapafu ya fundi mwenyewe. Marekani iliruhusu plasta yenye asbesto kupulizwa kwenye vyuma mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1973, na majengo ya wakati huo bado yamesimama. Anayetumwa kukwangua plasta ya zamani ili apake mpya anahitaji kujua anachoweza kukutana nacho kabla hajachukua kisu cha kukwangulia.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote linatoka kwa mafundi wenyewe, na silidharau. Wanasema cheti ni geti jipya, na kila geti lina bawabu, na kila bawabu ana bei. Fundi wa miaka 20 ambaye hajawahi kukosea ataambiwa arudi darasani akae na vijana, alipe ada, apoteze siku za kazi, ili apewe kadi inayosema anajua anachokijua. Nakubaliana nao kwa sehemu. Jibu langu ni kwamba mzoefu asisomeshwe upya, apimwe tu, na apimwe hapo hapo anapofanyia kazi. Anayejua atamaliza kwa siku moja. Na ada isitoke mfukoni mwake, iandikwe kwenye makadirio ya kazi kama ilivyoandikwa saruji na jukwaa, mwenye jengo ailipe, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua usalama. Kuhusu vyeti vya kununuliwa, vipo na vitaendelea kuwapo. Dawa yake ni kila tundu kubandikwa lebo yenye namba ya fundi, tarehe na mfumo uliotumika, na picha kupigwa kabla dari haijafunga. Anayetembea na kadi ya bandia hapendi sana kuandika namba yake ukutani.

Lakini upande mmoja nitawatetea mafundi kuliko wanavyojitetea. Ukimlipa mtu kwa idadi ya matundu, umemlipa asilifikirie tundu. Mpuliza plasta anayelipwa kwa mita za mraba hatasimama kufuta mafuta, kwa sababu dakika za kufuta hazimo kwenye hesabu. Unaweza kumpa cheti cha dhahabu, akaingia nacho kazini, na ifikapo mchana malipo yameshakifuta. Mkataba unaodai mafundi wenye vyeti na kisha ukawalipa kwa kasi, unajipinga kwenye ukurasa wake mwenyewe. Vilevile cheti kisichompa mwenyewe haki ya kusema "hapa siwezi kuziba" bila kufukuzwa, ni beji tu. Hii ndiyo sehemu ambayo vyama vya wakandarasi huwa havipendi kuizungumzia, na naelewa kwa nini.

Bado kuna mtu mmoja hatujamgusa, na kwangu huyu ndiye hatari kuliko wote. Tuseme kila kitu kimekwenda sawa. Wapakaji wamepimwa, matundu yana lebo, mkaguzi ametia saini, jengo limekabidhiwa. Miezi minne baadaye anakuja kijana wa nyaya za intaneti. Ana drili nzuri, ana ngazi, ana ghorofa tisa za kumaliza kabla ya jioni. Anafika kwenye ukuta uliozibwa kwa ustadi, anatoboa katikati ya zibo, anapitisha waya wake, anashuka. Ghorofa ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Wa viyoyozi atamfuata, na wa paipu, kila mmoja akikwangua plasta kidogo kwenye boriti ili kibanio chake kikae. Hakuna hata mmoja wao anayejihesabu kuwa fundi wa mambo ya moto, na hakuna kanuni ya vyeti inayowahesabu.

Huyo kijana hahitaji kozi ya wiki mbili. Anahitaji nusu siku: alitambue zibo kwa macho, ajue kwamba lebo ile si tangazo, ajue kuna kibali cha kutoboa kinachotolewa na msimamizi wa jengo, na ajue kwamba akishapitisha waya anayepaswa kuitwa ni yule ambaye namba yake imeandikwa pale. Asiyekuwa na kadi ya nusu siku hiyo asipewe ngazi mapokezi.

Na kwenye begi lake atolewe lile kopo la povu.